Ua Linaloitika na Maji Yasiyoitika: Hadhira na Maumbile katika Maonyesho ya Kuzingira ya Uhuishaji

Utangulizi

Makala hii inanuia kuchunguza aina ya usanii ambayo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, kwa sehemu kubwa, wameipa kisogo. Ni onyesho la uhuishaji linalomulikwa kwa projekta juu ya kuta, sakafu na pengine dari ya ukumbi mzima, hata mtazamaji akajikuta yumo ndani ya picha badala ya kuikabili kutoka nje. Kwa kukosa istilahi iliyozoeleka, tutaliita onyesho la kuzingira. Neno uhuishaji lenyewe lastahili kutazamwa kidogo kabla ya kuendelea. Kuhuisha ni kutia uhai, na walioliteua neno hilo litumike kwa ufundi wa kuifanya michoro itembee walilitwika dai kubwa kuliko labda walivyokusudia, kwani mchoro unaotembea si lazima uwe hai. Swali la lini picha ya mti au ya maji huwa hai, na lini huwa inatembea tu, ndilo litakalotushughulisha humu.

Sababu zinazotolewa za kuziacha kando kazi hizi ni mbili. Inasemwa kwamba hizi ni sanaa za macho, kwa hiyo zina wenyewe katika idara nyingine. Na inasemwa kwamba ni burudani ya watalii, isiyo na maudhui ya kupekuliwa. Sababu ya kwanza haina mashiko. Mwanafunzi wa fasihi simulizi amefunzwa tangu mwaka wa kwanza kwamba utanzu hauwi kamili pasipo utendaji, kwamba hadhira ni sehemu ya kazi, na kwamba fanani huibadilisha kazi yake kulingana na walio mbele yake. Onyesho la kuzingira limejengwa juu ya mambo hayo hayo. Mwenye zana za kulichambua, basi, ni sisi kabla ya wengine. Sababu ya pili ina ukweli ndani yake, nasi tutairejelea, ila burudani nayo ina maudhui, na aghalabu huyaficha vizuri zaidi.

Dai letu ni kwamba onyesho la kuzingira lichukualo maumbile kuwa mada yake halipimwi kwa ukubwa wa picha wala kwa wepesi wa mitambo, bali kwa kanuni inayoamua nani anamwitika nani. Tutadai pia kwamba kazi mashuhuri zaidi za aina hii zinayumba katika jambo lile lile zinalosifiwa kwalo, yaani jinsi zinavyomjibu mtazamaji.

Kanuni ya ua

Mfano usioepukika ni kundi la teamLab la Tokyo, lililoasisiwa mwaka 2001 na Toshiyuki Inoko pamoja na wenzake. Humo mna wachoraji, wahandisi, wanahisabati na wasanifu majengo, na kazi hutolewa kwa jina la kundi, si la mtu. Mnamo Juni 2018 walifungua jumba la teamLab Borderless katika eneo la Odaiba, lenye ukubwa wa mita za mraba 10,000, ambamo picha zilimulikwa kwa projekta 470 zilizoendeshwa na kompyuta 520. Katika mwaka 2019 pekee jumba hilo liliingiza watu zaidi ya milioni 2. Lilifungwa Agosti 2022, likafunguliwa upya Februari 2024 mahali pengine katika jiji hilo hilo, penye majengo ya Azabudai Hills.

Miongoni mwa kazi zao zilizoenea sana ni ile ya maua ambayo jina lake refu hubeba wazo kwamba maua na watu hawawezi kutawalana, bali huishi pamoja. Ilianza kuonyeshwa mwaka 2014 na imepata sura nyingi tangu wakati huo. Ufundi wake ni huu: kompyuta haichezi filamu iliyokwisha kutengenezwa, bali huchora papo hapo, na hakuna dakika inayorudiwa. Maua huchipua, huchanua, hupukutika na kufa. Katika sura mojawapo majira yote ya mwaka hupita kwa muda wa saa moja. Vitambuzi vilivyofichwa hutambua mahali alipo mtazamaji. Akitulia pale aliposimama, maua yaliyomzunguka huongezeka na kuchanua kuliko kawaida. Akiyagusa au kuyakanyaga, hupukutisha petali na kufa kwa mkupuo.

Mhakiki wa fasihi ataitambua kanuni hii mara moja, kwani ni kanuni ya hekaya ya maadili. Anayetulia hutunukiwa, anayekurupuka huadhibiwa. Hata hivyo kuna jambo la werevu hapa ambalo halipaswi kupuuzwa. Katika ngano zetu mtoto hufunzwa kwa kusikia yaliyompata sungura au fisi. Hapa hadhira yenyewe imewekwa mahali pa mhusika, na mwili wake ndio unaotenda kosa. Maadili hayasemwi na yeyote. Yamefumwa katika programu, na kila anayeingia huyagundua kwa nyayo zake. Twaweza kusema kwamba fani imemeza maudhui bila kubakiza chochote cha kutafunwa na mwalimu wa darasani, na hilo si jambo dogo.

Mashaka yetu yanaanzia kwenye jina. Maua haya yanaambiwa kwamba hayawezi kutawaliwa, na kwa kweli mtazamaji hawezi kuyaamrisha yachanue kona hii yasichanue ile. Lakini kanuni nzima ya uhai wao inamzunguka yeye. Wanachanua kwa sababu yuko, wanakufa kwa sababu amepita. Ukimwondoa mtu, maua yataendelea kuchipua na kupukutika, ila kile kinachofanya kazi hii isimuliwe na kutamaniwa kitakuwa kimetoweka. Ua la teamLab ni ua linalomjua mtu. Ua la kondeni halimjui.

Kwa haki ya wasanii, yafaa tuseme kwamba idadi ya watazamaji huibadilisha kazi kwa namna ambayo huenda ndiyo nguvu yake halisi. Chumba kikiwa na watu wawili, kila mmoja huona matokeo ya hatua zake na kuanza kucheza nayo, kama mtoto anayechezea swichi ya taa. Kikiwa na watu mia, hakuna awezaye kusema ni nani aliyeua ua lipi. Maua hufa na mkosaji hajulikani. Hapo ndipo kazi inapokaribia ukweli wa mambo yalivyo duniani, kwamba msitu huisha kwa mikono mingi ambayo kila mmoja, ukiutazama peke yake, umekata kijiti tu. Jambo la kushangaza ni kwamba hali hii bora ya kazi ndiyo ambayo watazamaji huilalamikia, wakitaka chumba kisicho na msongamano.

Jicho liko wapi

Kazi yao nyingine, ya maporomoko ya maji, ilitolewa kwanza mwaka 2013. Maji yamewakilishwa kwa chembe laki kadhaa ambazo mwendo wake, na namna zinavyoathiriana, hukokotolewa na kompyuta kwa kufuata kanuni za fizikia. Baada ya hesabu hiyo huteuliwa asilimia 0.1 tu ya chembe, na mistari huchorwa kufuata njia zilizopitia. Mistari hiyo ndiyo maporomoko tunayoyaona.

Hapa kuna somo kwa yeyote anayefundisha taswira. Wingi wa maji uko katika hesabu. Katika picha kuna uteuzi. Mshairi wa kale hakufanya tofauti: aliijua bahari yote kwa uzoefu wa chombo na kasia, akaandika ubeti mmoja. Msomaji huhisi uzito wa yasiyosemwa nyuma ya yaliyosemwa. Wanafunzi wetu wanaojaribu kutunga huchukua njia ya kinyume, wakarundika maneno kumi ya uzuri wa ziwa ambalo hawajapata kulitazama kwa utulivu, kisha wakashangaa kwamba ubeti haulowani.

Kundi hili limefafanua pia nadharia inayoelekeza uchoraji wake, nayo inahusu mahali pa jicho. Picha ya Ulaya tangu enzi ya Mwamko hujengwa kwa mistari inayokutana mbali mahali pamoja, na mpango huo humlazimu mtazamaji asimame sehemu moja: mbele, katikati, nje ya mandhari. Uchoraji wa jadi wa Kijapani haukufuata mpango huo. Mandhari ilitandazwa, na jicho likaweza kutembea juu yake kutoka kona hadi kona bila kupoteza picha. TeamLab wanadai kwamba utandazaji huo, ukishughulikiwa kwa kompyuta, hufuta mpaka kati ya mtu na ulimwengu uliochorwa, kwa kuwa hakuna mahali maalumu alipotengewa. Kwa lugha yetu ya uhakiki, hili ni suala la usimulizi. Mpango wa Ulaya ni kama msimulizi wa nafsi ya tatu anayeona yote akiwa amesimama pembeni. Mpango wa kutandaza wamwachia msomaji ahame kutoka nafsi hadi nafsi. Walioisoma *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi (1990) na mwenzake *Mzingile* (1991) wanaifahamu hali ya kukosa pa kusimama. Huko nako msomaji anayeng'ang'ania sehemu moja haambulii kitu.

Tofauti ni kwamba kwa Kezilahabi kukosa pa kusimama kunatisha. Katika ukumbi wa Tokyo kunaburudisha. Kuna sura ya kazi ya maporomoko ambamo mtazamaji akipanda juu ya jiwe lililojengwa humo, au akiyagusa maji, basi maji hugawanyika na kumpita kando kana kwamba yeye naye ni jiwe. Ni taswira nzuri ajabu, mtu kuwa jiwe mtoni. Mto wa kweli hauna adabu hiyo. Jiwe hulisogeza, na mtu humchukua. Mtu aliyekulia kando ya Tana au Athi hahitaji kuambiwa.

Samaki anayekuwa ua

Kazi inayoiweka wazi zaidi kasoro tunayoizungumzia iko katika jumba la pili la kundi hili, teamLab Planets, lililofunguliwa Julai 2018 katika eneo la Toyosu. Watazamaji huvua viatu, wakakunja nguo, wakaingia katika maji halisi yanayofika magotini. Juu ya uso wa maji hayo humulikwa samaki aina ya koi, wanaoogelea na kuacha mikia ya rangi. Samaki wakimgonga mtu mguuni, hugeuka kuwa maua na kutawanyika.

Tuitafakari hatua hiyo ya mwisho. Mguu wa mtu umekutana na kiumbe, na kiumbe hicho kimekoma kuwapo. Katika lugha yoyote ya wanadamu tukio hilo huitwa kifo. Lakini kifo hiki kimepambwa hata kikawa zawadi kwa muuaji, naye husogea mbele makusudi ili apate maua zaidi. Hapa kanuni imepinduka ikilinganishwa na ile ya maua. Kule kukanyaga kuliadhibiwa, japo kwa upole. Huku kukanyaga ndiko kunakozaa uzuri. Sidhani kwamba wasanii hawakuliona hili. Huenda walikusudia kusema kwamba uhai hubadilika umbo bila kukatika, wazo lenye mizizi mirefu katika dini na falsafa za Asia ya Mashariki, na mhakiki asiyezijua vyema anapaswa kuwa mwangalifu. Hata hivyo kazi haiwajibiki kwa nia ya mtungaji peke yake. Huwajibika pia kwa kile inachomfunza mwili wa anayeishiriki, na mwili unaotoka Toyosu umefunzwa kwamba kugongana na samaki hakuna gharama.

Hapo ndipo utanzu wa ngano unapotufaa kama kipimo. Fanani akisema "Paukwa!" hadhira hujibu "Pakawa!" Hadhira huimba kiitikio, huguna, hucheka, humhimiza fanani arefushe au afupishe. Ushiriki ni mwingi kuliko katika onyesho lolote la vitambuzi. Lakini zimwi likishamkaribia mtoto porini, halibadilishi nia kwa sababu msikilizaji mmoja amelia. Fanani hodari huweza kurefusha mbio, huweza kumpa mtoto wimbo wa ziada wa kumwita kakaye, ila jambo lililomo katika ngano lina uzito wake usioyeyushwa na machozi. Ushiriki umewekwa katika usimulizi, na kilichosimuliwa kimebaki kigumu. Kwa sababu kimebaki kigumu, kulia kwa msikilizaji kuna maana. TeamLab wameupeleka ushiriki hadi ndani ya kisa chenyewe, na kisa kikawa laini.

Iko kazi yao moja ambayo haina udhaifu huu, nayo haimo ukumbini. Katika bustani ya Mifuneyama Rakuen, mkoani Saga, iliyokamilishwa mwaka 1845 kwa amri ya mtawala wa Takeo, samaki wa aina hiyo hiyo walimulikwa juu ya bwawa halisi lililo chini ya jabali la mlima. Mwendo wao huathiriwa na mashua inayopita bwawani na kwa samaki wenzao. Taa ni zile zile na programu ni ya ukoo ule ule, lakini mahali pana upepo. Uso wa bwawa ukivunjwa na upepo, picha huvunjika nao, na kompyuta haina la kufanya. Mvua ikinyesha, kila tone hutoboa samaki. Kumepucha hakuna onyesho, kwa kuwa jua limeshinda projekta zote. Kuna kitu katika kazi hii ambacho hakikuandikwa na msanii wala hakimjali mtazamaji. Kwa maoni yetu, kitu hicho ndicho maumbile.

Mzigo wa Wangechi Mutu

Hatujasema kwamba kazi njema ni ile isiyo na vitambuzi. Lakini yafaa kuilinganisha njia ya Tokyo na ya msanii aliyechagua kutomjibu mtazamaji hata kidogo, naye ni mzaliwa wa Nairobi. Wangechi Mutu, aliyezaliwa mwaka 1972, anajulikana zaidi kwa picha za kubandika na kwa sanamu. Mwaka 2013 alitoa uhuishaji wake wa kwanza, *The End of eating Everything*, na mwaka 2015 akautoa wa pili tunaoukusudia hapa, *The End of carrying All*, ulioonyeshwa katika maonyesho ya kimataifa ya Venice mwaka huo, yaliyoratibiwa na Okwui Enwezor. Humulikwa sambamba katika sehemu tatu zinazofanya ukuta mmoja mrefu.

Kisa ni chepesi kusimulia. Mwanamke, ambaye ni msanii mwenyewe, anatembea juu ya mandhari ya mbuga akiwa na kikapu kichwani. Kadiri anavyokwenda ndivyo mzigo unavyoongezeka: gurudumu la baiskeli, dishi la setilaiti, hata majengo ya ghorofa. Mgongo unapinda, hatua zinafupika. Mwishoni mtu na mzigo huwa kitu kimoja kisicho na umbo la mtu, ardhi inakimeza, nayo inatikisika. Kisha picha huanza upya, na mwanamke yuko tena mwanzo wa njia.

Ukuta huu mrefu haumzingiri mtazamaji kwa pande zote, na atakayetaka ubishi atasema haustahili kuingizwa katika makala hii. Tumeuingiza kwa sababu unazingira kwa njia nyingine. Urefu wa picha unazidi upeo wa jicho; ili umfuate mwanamke huna budi kugeuza shingo, na pengine kutembea naye. Mwili wa mtazamaji unashiriki, ila hauna uwezo wa kumpunguzia mzigo. Mtu anaweza kusimama tuli au kukimbia huku na huko, kikapu kitajaa vile vile. Huu ndio ugumu wa ngano tuliousema hapo juu. Kurudia kwa filamu, ambako kwa teamLab ni alama ya ufundi uliopitwa na wakati, hapa kumepata maana. Mwanamke anaanza tena kwa sababu hakuna aliyejifunza kitu.

Taswira ya mwanamke aliyejitwika ni ya kawaida mno katika nchi hii, hata tumekoma kuiona. Imechapishwa katika kalenda na kadi za posta, na katika riwaya nyingi imekuwa pambo la aya ya kwanza. Mutu ameichukua taswira hiyo iliyochakaa akairudishia uzani. Kinachoongezwa kikapuni si kuni wala maji, ambavyo mtazamaji wa Ulaya angevitarajia, bali vitu vya mtazamaji huyo mwenyewe. Na ardhi, ambayo kwa muda wote ilikuwa mandhari ya nyuma, inatenda mwishoni bila kuombwa. Ardhi haikumwadhibu wala kumwokoa. Ilifika mahali ikashindwa kubeba. Ningependa mwanafunzi mmoja wa uzamili ailinganishe hatua hiyo na namna Haji Gora Haji alivyokitumia kimbunga katika shairi lililoipa jina diwani yake ya 1994. Shairi hilo aghalabu husomwa kama jazanda ya kisiasa, na ni sawa lisomwe hivyo. Lakini jazanda inasimama kwa sababu tumekubali kwanza kwamba kimbunga kinapopiga mji hakichagui. Mshairi angekifanya kimbunga kimjali mtu mmoja, siasa yote ingeporomoka.

Maji ya bamvua

Mtu aweza kuuliza, basi, onyesho la kuzingira litokanalo na maumbile ya kwetu lingetungwa vipi. Swali hili si la wasanii peke yao. Vijana wengi wa Nairobi na Mombasa sasa wana ujuzi wa uhuishaji na wa projekta, na jambo rahisi kuliko yote litakuwa kuagiza kanuni ya ua la Tokyo na kubadilisha ua liwe mbuyu. Mtazamaji ataunyoshea mkono mbuyu, nao utatoa majani. Tutakuwa tumepata burudani, na tutakuwa tumetafsiri bila kutunga.

Tuchukue mikoko ya Lamu. Yeyote atakayetaka kuihuisha atakuta kwamba Kiswahili kimekwisha kumfanyia nusu ya kazi ya uchunguzi. Neno mikoko kwa jumla linaficha miti kadhaa ambayo wenyeji huitenga kwa majina: mkoko wenyewe wenye mizizi iliyopinda kama matao, mchu ambao mizizi yake ya kupumulia hutokeza topeni kama vidole, mkandaa, mlilana, mkomafi, msinzi. Miti iliyokatwa nayo ina majina kwa unene, toka fito na pau hadi mazio, boriti na nguzo, na ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, ikapakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba kuezekea nyumba, biashara iliyodumu karne nyingi mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Huu si msitu usio na watu. Msanii atakayeumulika kama pori safi la kustarehesha macho atakuwa amewafuta wakataji kwa mwanga, na lugha yake mwenyewe itamsuta.

Ila jambo kubwa zaidi ni kanuni. Katika mikoko kila kitu huamuliwa na maji, na maji huamuliwa na mwezi. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakapanda na kushuka kwa mita 3 au zaidi. Katikati yake huja maji mafu, na tofauti ikawa ndogo. Mvuvi, mkataji na mama anayeokota chaza hupanga siku zao kwa ratiba hiyo, wala haijapata kupangwa kwa ajili yao. Onyesho lingeweza kujengwa juu yake bila vitambuzi vyovyote vya watu. Kompyuta ingesomeshwa majedwali ya maji ya Kilindini au Lamu, na picha ukumbini ingejaa na kupwa kwa saa zile zile ambazo bahari, kilomita kadhaa kutoka hapo, inajaa na kupwa. Mtazamaji angeingia katika wakati usio wake. Angeweza kuimba, kucheza, hata kuitika kama hadhira ya ngano, na wasanii wangefanya vyema kumpa nafasi ya kuitika, kwa sauti au kwa kivuli chake ukutani. Maji yasingemngoja.

Ugumu wa mpango huu unajulikana kwa kila aliyewahi kuuza tiketi. Atakayeingia saa ya maji kupwa atakuta tope, mizizi na kaa, na akiwa na haraka atatoka kabla ya tone la kwanza kurudi. Atakayeingia wakati wa maji mafu atauliza mbona kuta hazibadiliki. Mwenye ukumbi atapendekeza kwamba saa sita za bahari zikunjwe ziwe dakika sita, na pendekezo hilo litasikika kuwa la busara. Ndivyo majira ya mwaka yalivyokunjwa Tokyo kuwa saa moja. Msanii anapaswa kulikataa, kwa kuwa bahari iliyokunjwa itakuwa imeshaanza kumngojea mtu. Ingetosha kubandika mlangoni ubao wenye saa za maji kujaa na kupwa za juma hilo, pamoja na siku za bamvua, na kumwachia kila mtu achague saa yake ya kuja.